Kabla hujapiga Windows upya: laptopu ya gemu inayochemka, kustaki na kuzima

Peleka laptopu ya gemu kwa fundi hapa Dodoma, mwambie "inastaki", na mara nyingi jibu litakuwa moja: tupige Windows upya. Kuna siku inasaidia. Siku nyingi unarudi nyumbani na mashine isiyo na faili zako, unafungua gemu, na baada ya robo saa mambo ni yaleyale. Gemu huibana laptopu kuliko kazi nyingine zote. Prosesa, kadi ya grafiki, feni, chaja na betri vinasukumwa kwa pamoja, na kilicho dhaifu kati yao ndicho kinachoonekana kwanza. Mashine iliyoandika ripoti za ofisini kwenye mji wa serikali wa Mtumba mwaka mzima bila tatizo inaweza kushindwa kumaliza kipindi cha kwanza cha mechi moja.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea zaidi inatangulia. Usiziruke hatua za mwanzo kwa kuwa ni rahisi mno. Ndizo zinazokuokolea hela ya fundi.

## Vipimo vya bure kabla ya lolote

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda ukurasa wa "Performance". Utaona prosesa, RAM (memori ya kazi), diski na kadi za grafiki, kila kimoja na asilimia inayotumika. Kisha pakua HWiNFO, programu ndogo ya bure ambayo haitamaliza bando. Iache wazi, cheza gemu inayokusumbua kwa dakika ishirini hivi, halafu rudi usome safu ya "Maximum": joto la prosesa, joto la kadi, na wati ambazo kadi imekula.

Namna ya kusoma ni hii. Prosesa nyingi za Intel zina ukomo wa nyuzi 100, na nyingi za AMD nyuzi 95. Zikigonga hapo hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Kadi za NVIDIA za laptopu huanza kujibana zikikaribia nyuzi 87. Prosesa yenye nyuzi 85 katikati ya gemu haiumwi, hata kama kibodi imekuwa ya moto. Inayogonga ukomo na kubaki hapo ndiyo yenye shida.

Jiulize pia mambo matatu. Tatizo linaanza papo hapo au baada ya muda? Linatokea chaja ikiwa imechomekwa, au kwenye betri tu? Ni gemu zote au moja? Fundi mzuri atakuuliza hayohayo, na ukiwa na majibu hatakuwa na sababu ya kubahatisha.

## Inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inakuwa nzito

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na hapa kwetu lina msimu wake. Mvua zikishakata, kuanzia Mei hadi Novemba, ardhi inakauka, upepo unaanza, na kila mtaa unaojengwa, Nkuhungu, Kisasa, Ng'ong'ona, unapeleka sehemu yake ya vumbi ndani ya nyumba za watu. Feni ya laptopu hailichagui, inavuta lililopo.

Anza na mahali ilipokaa. Laptopu nyingi za gemu huvuta hewa kwa chini na kuitoa nyuma au pembeni. Juu ya godoro, zulia au mapaja, mdomo wa kuvutia hewa umezibwa. Iweke mezani, inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya maji, cheza, pima tena. Joto likishuka vya kutosha, umemaliza. Zile stendi zenye feni zinazouzwa madukani husaidia kidogo, na nyingi zinasaidia kwa sababu tu zimeinua mashine. Vifuniko vya chupa vinafanya kazi ileile.

Pili ni vumbi la ndani. Dalili yake: feni inalia kwa nguvu lakini ukiweka mkono kwenye tundu la kutolea hewa, unachosikia ni pumzi kidogo ya moto, au upande mmoja unatoa na mwingine hautoi. Vumbi hujikusanya kama kitambaa kati ya feni na mapezi ya rejeta ndogo ya ndani. Kupuliza kwa nje kunalihamisha tu. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kama betri ina kichomekeo kinachofikika, ichomoe. Shika feni kwa kidole isizunguke, ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha puliza kwa bloa ndogo ya mkono kutoka upande wa mapezi. Feni ikiachwa izungushwe na upepo mkali inaweza kuharibika beringi.

Usipeleke laptopu kwenye kompresa ya fundi matairi. Najua ni karibu na ni bei poa. Hewa ile hutoka na matone ya maji na mafuta, na presha yake inang'oa vitu. Mashine ya kufyonza vumbi la nyumbani nayo si salama, kwa kuwa hutengeneza umeme tuli. Na kwa kuwa hewa ya kiangazi hapa ni kavu sana, umeme tuli uko hata mwilini mwako: gusa chuma kilichoshika ardhi, bomba la maji kwa mfano, kabla hujagusa bodi, na usifanye kazi hiyo juu ya zulia.

Tatu ni mipangilio. Gemu inayotoa fremu (picha) 140 kwa sekunde kwenye kioo cha Hz 60, yaani kinachoonyesha picha 60 tu kwa sekunde, inatengeneza joto la bure, maana kioo hakiwezi kuzionyesha zote. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, weka ukomo wa fremu 60. Nyingine inayofanya kazi kuliko watu wanavyodhani: kwenye mpango wa umeme wa Windows tafuta "Maximum processor state", toa 100 weka asilimia 99. Hapo turbo ya prosesa, ile kasi yake ya ziada, inazimika na joto linashuka sana, wakati gemu nyingi zinazotegemea kadi hazipotezi kitu cha kuonekana. Baadhi ya laptopu huficha kipengele hicho. Usipokiona, tumia programu ya mtengenezaji kuchagua hali tulivu zaidi.

Nne, pesti ya joto imekauka. Hii ni ya mashine zenye miaka mitatu na kuendelea, na karibu kila mtumba. Alama yake ni prosesa kuruka hadi nyuzi 95 ndani ya sekunde chache za kufungua gemu, hata baada ya kusafisha vumbi. Kubadilisha pesti ni kazi ya saa moja kwa fundi aliyezoea. Muulize kama atabadilisha na pedi za joto zilizo juu ya memori ya kadi, na kama anazo zenye unene uleule. Pedi nene kuliko inavyotakiwa huinua rejeta isikae sawa juu ya chipu, na unarudi na joto kubwa kuliko ulilokwenda nalo.

Acha hapo na usifungue mwenyewe ikiwa mashine yako ni kati ya zile zinazotumia metali ya majimaji badala ya pesti. Baadhi ya ASUS ROG ziko hivyo. Metali ile inapitisha umeme, na tone moja likianguka kwenye bodi ndiyo mwisho wa bodi. Tafuta modeli yako mtandaoni kabla hujagusa bisibisi.

Feni iliyokufa kabisa ni nadra. HWiNFO itaonyesha mizunguko sifuri huku joto likipanda, au utasikia sauti ya kusaga. Dawa ni feni mpya ya modeli hiyohiyo. Kwa Dodoma mara nyingi itaagizwa Kariakoo.

## Ni nzito tangu sekunde ya kwanza

Hapa joto si mtuhumiwa. Anza na chaja. Kwenye betri, kadi ya grafiki hubanwa makusudi na kasi inaweza kushuka hata chini ya nusu. Na si kila chaja inayoingia inatosha. Laptopu ya gemu huja na chaja ya wati 150, 180, 230 au zaidi, imeandikwa kwenye kibandiko chake. Chaja ya aina ya C ya wati 65 uliyoazima itachaji ukiwa unaandika, lakini kwenye gemu mashine itabana kila kitu, na betri itaendelea kushuka ingawa umechomeka. Kwa mitumba hii hutokea sana: mashine ilikuja bila chaja yake, muuzaji akaokota yoyote inayoingia.

Kisha angalia kadi inayotumika. Laptopu nyingi zina mbili: ya ndani ya prosesa, na ile kubwa uliyoilipia. Fungua gemu, rudi Task Manager. Kama GPU 0 iko asilimia 95 na GPU 1 imelala sifuri, kawaida gemu imeshika ile ndogo. Nenda Settings, System, Display, Graphics, tafuta gemu yako, weka "High performance". Kama waya wa skrini ya nje umechomekwa, jaribu na kuuhamishia tundu jingine, kwa kuwa kwenye modeli nyingi baadhi ya matundu yameunganishwa na kadi ndogo.

Hali ya utendaji ni ya tatu. Kila mtengenezaji ana swichi yake, na inaweza kubonyezwa bila mtu kujua. Kwenye Lenovo Legion ni Fn pamoja na Q, na taa ya kitufe cha kuwasha hubadilika: bluu ni tulivu, nyeupe ni ya kati, nyekundu ni kasi. ASUS, Acer, HP na MSI wana programu zao zinazofanya kazi hiyo.

RAM moja peke yake inapunguza fremu. Task Manager, ukurasa wa RAM, itakuambia "Slots used: 1 of 2". Kuongeza ya pili ya ukubwa uleule na kasi ileile, ili prosesa isome zote mbili kwa pamoja, ni matumizi mazuri ya hela kuliko karibu kitu kingine chochote, hasa kama huna kadi kubwa. GB 8 jumla leo ni kidogo kwa gemu mpya, lenga 16.

Diski ya kuzunguka ya zamani, tofauti na SSD, husababisha jambo jingine: gemu haishushi fremu, ila inachukua dakika nzima kufunguka na inakwama kila ukiingia eneo jipya. Ukiona diski iko asilimia 100 muda wote, umepata.

Yote hayo yakiwa sawa na bado ni nzito, basi ni kadi yenyewe. Hakuna fundi, hakuna Windows mpya, hakuna "busta" ya kupakua itakayoibadilisha. Kwenye laptopu karibu zote kadi imechomelewa kwenye bodi. Ndiyo maana inabidi tuzungumze kuhusu dukani.

## Kama hujanunua bado, au unataka kubadilisha

Neno linalouza laptopu mjini ni "i7". Utaambiwa HP EliteBook au Dell Latitude ya mtumba ni ya gemu kwa sababu ni i7. Soma herufi ya mwisho. Core i7-8650U ni prosesa ya wati 15, imetengenezwa kwa ajili ya betri kudumu. Core i5-9300H ni ya wati 45 na kwenye gemu itaiacha mbali, ingawa jina lake ni dogo. U ni ya ofisi, H ni ya kazi nzito, HX ni nzito zaidi. Na hata hivyo prosesa si ya kwanza kuangaliwa. Kadi ndiyo ya kwanza.

Kwenye kadi nako jina halitoshi. RTX 4060 ya laptopu, kwa mujibu wa NVIDIA, mtengenezaji anaweza kuiweka popote kati ya wati 35 na 115. Mashine mbili zenye kibandiko kilekile zinaweza kupishana sana, na iliyo nyembamba na nzuri machoni mara nyingi ndiyo yenye wati chache. Tafuta wati za modeli kamili kabla ya kulipa. Memori ya kadi nayo ihesabu: GB 4 bado inatosha kwa mpira na gemu nyingi za ushindani, lakini gemu kubwa mpya zinaimaliza mapema.

Kwa bajeti ndogo, ushauri wangu haufanani na wa maduka mengi. Usinunue laptopu mpya isiyo na kadi kwa sababu tu ni mpya. Angalia mitumba ya kazi nzito: Dell Precision, HP ZBook, ThinkPad za mfululizo wa P. Zina rejeta kubwa, RAM inaongezeka, zinafunguka kirahisi. Yenye kadi ya NVIDIA Quadro T1000 au T2000 itakuchezea vizuri. Epuka zenye Quadro inayoanzia M. Ni kizazi cha Maxwell, na NVIDIA imeshaacha kukitengenezea draiva mpya (programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi) za gemu, pamoja na kizazi cha Pascal kilichokifuata.

Ukiwa dukani usilipe kabla ya kufanya haya. Washa, ingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai pasiwedi, au ikiandika jina la kampuni fulani ya nje wakati wa kuwaka, iache. Mashine zilizokuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani hufungwa kwa mbali, na siku utakayopiga Windows upya inaweza kukutaka akaunti usiyoijua. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na wa sasa. Pitisha CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Mwisho njoo na gemu yako kwenye flashi au diski ya nje, icheze hapohapo nusu saa. Muuzaji atakayekataa amekujibu. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe.

## Inazima ghafla katikati ya gemu

Kama ilikuwa ya moto sana kabla ya kuzima na haiwaki hadi ipoe, rudi kwenye sehemu ya vumbi. Kama joto lilikuwa la kawaida, fuata umeme.

Betri iliyochoka ni ya kwanza. Watu hushangaa: betri inahusikaje wakati nimechomeka? Kwenye laptopu nyingi za gemu, mzigo ukipanda ghafla kuliko chaja inavyoweza kutoa, betri hujazia pengo. Betri mbovu haijazii, na mashine inakata. Chomoa chaja uone: ikizima papo hapo, betri haishiki kitu.

Ya pili ni ekstensheni, na kwa wanafunzi wa hosteli labda hii ndiyo ya kwanza. Ekstensheni moja ina pasi, jagi la umeme na chaja nne, soketi zimelegea, pini zinacheza. Chomeka chaja moja kwa moja ukutani, cheza jioni moja, uone. Umeme mdogo wenyewe husingiziwa mno: chaja karibu zote zimeandikwa 100 hadi 240 V, kwa hiyo taa ikififia haimaanishi laptopu itazima. Hatari kubwa iko pale umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa mruko. Gadi ya TV, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, inatosha kabisa. Chaja ya wati 230 inavuta takriban ampia moja tu. Kwenye jenereta ndogo au inveta ya bei nafuu ya sola, chaja ikianza kuvuma au kuwa moto isivyo kawaida, chomoa.

Usiendelee kujaribu ukisikia harufu ya kuungua, ukiona pini ya chaja imegeuka kahawia, au soketi ya ukutani ikitoa cheche. Cheche ni ya fundi umeme mwenye leseni, si ya fundi kompyuta.

## Mkono unatekenywa na umeme ukigusa ganda la chuma la laptopu

Watu wengi hulipuuza. Chaja huvujisha kiasi kidogo sana cha umeme kwenda kwenye ganda hilo, nao unapaswa kushuka ardhini kupitia pini ya tatu. Kama waya wako ni wa pini mbili, au umelazimisha kwa adapta inayoruka athi (njia ya umeme kushuka ardhini), unashukia kwako.

Tumia waya wa pini tatu kwenye soketi ya pini tatu. Bado unatekenywa? Nenda nyumba nyingine, jaribu chaja ileile. Ikitulia huko, tatizo ni athi ya nyumba yako. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi za pini tatu ambazo pini ya tatu haijaunganishwa na kitu. Na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo fimbo ya athi fupi iliyopimwa wakati wa masika inaweza isifae Oktoba. Mwite fundi umeme apime. Na ikiwa ni zaidi ya kutekenywa, yaani mkono unaruka, zima swichi kuu kabla ya kuchomoa na usiitumie tena chaja hiyo.

## Gemu haifunguki, au inakutupa nje

Soma ujumbe wa kosa kabla ya kuufunga, upige picha kwa simu. Halafu, kwa mpangilio: nafasi ya diski (gemu nyingi kubwa sasa zinazidi GB 100, na diski iliyojaa hukwamisha kila kitu), kisha draiva ya kadi, ambayo inapakuliwa kwa NVIDIA, AMD au Intel wenyewe. Usitumie programu za "kusasisha draiva zote".

Windows ni ya tatu. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inawaka na gemu nyingi zinacheza, lakini usishangae zikianza kukataa moja moja. Windows 11 rasmi inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hukataa kufunguka kama TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) zimezimwa. Zote mbili ziko kwenye bayosi. Angalizo: kama Windows yako ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa diski, kuwasha Secure Boot bila kuibadilisha kwanza kunaweza kufanya mashine isiwake. Hapo ndipo Windows upya, au fundi anayejua kubadilisha bila kufuta, ana kazi ya kweli.

Ikiwa ni gemu moja tu inayosumbua, tumia kipengele cha kukagua faili kwenye Steam au Epic. Ikiwa ni gemu uliyokopi kwa mtu kwenye flashi, imevunjwa kufuli na antivairasi ikazimwa ili iingie, siwezi kukusaidia na hutapata wa kukusaidia.

Usishushe GB 100 kwa bando kama jirani anayo. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta moja kuchukua gemu kutoka nyingine kwenye Wi-Fi ileile, mradi nawe unayo kwenye akaunti yako. Kwa gemu za bure kama Counter-Strike 2, hosteli nzima inahitaji kuishusha mara moja.

## Feni zinalia wakati hakuna gemu

Mara nyingi ni Windows inajisasisha. Ipe nusu saa. Ikiendelea, Task Manager, panga kwa matumizi. Programu usiyoijua inayokula prosesa au kadi asilimia 80, au inayojificha mara tu unapofungua Task Manager na feni zikatulia ghafla, inaweza kuwa ya kuchimbia sarafu za kidijitali kwa umeme wako wa LUKU. Hizi huingia zaidi na gemu za kuvunjwa kufuli. Tenga mtandao, pitisha ukaguzi wa nje ya Windows wa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Isipotoka, basi piga Windows upya, kwa flashi uliyoitengeneza mwenyewe kutoka Microsoft, na badilisha nywila zako ukiwa kwenye kifaa kingine.

## Gemu ya mtandaoni inaruka-ruka

Fremu ziko juu lakini mchezaji anarudi nyuma: huo ni mtandao. Tazama kwanza nani mwingine anakula hotspoti yako. Weka mtandao huo kuwa "Metered" ili Windows isijisasishe katikati ya mechi. Sogea karibu na dirisha au ruta, tumia Wi-Fi ya GHz 5, na bora zaidi waya. Kisha chagua seva ya karibu kwenye gemu, Afrika Kusini au Mashariki ya Kati, badala ya kuiachia ichague yenyewe. Umbali huo hauondolewi na laptopu ya bei yoyote.

Na kuna siku kosa liko baharini. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika pwani ya Afrika Kusini na nchi nzima ikahisi. Kabla ya kubadilisha chochote, uliza wenzako wa mtandao mwingine.

## Kioo na betri

Kioo cha Hz 144 kinachoonekana kizito huenda kimeachwa Hz 60. Rekebisha kwenye "Advanced display". Kikiwa cheusi huku mashine inawaka, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B, kisha jaribu skrini ya nje kwa HDMI. Ikionyesha huko, ni kioo au waya wake. Mistari na vipande vya rangi vinavyotokea hata kwenye skrini ya nje ni kadi inayokufa. Fundi akikuambia ataipasha chipu moto irudi, elewa kwamba hurudi kwa wiki au miezi, kisha hufa tena. Mimi nisingelipia.

Betri iliyovimba haina hatua za kujaribu. Padi ya kipanya imeinuka, kifuniko hakifungi, laptopu inayumba mezani: zima, chomoa, usichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Ukifika kwa fundi, chomoa SSD ubaki nayo kama tatizo halihusu diski. Piga picha ya ndani, hasa RAM na kibandiko cha namba. Mwonyeshe vipimo vya HWiNFO, na aandike kwenye karatasi anachobadilisha. Mashine ikibidi kwenda Dar kwa kazi ya bodi, iende na chaja yake ileile, maana mara kadhaa ni chaja iliyokuwa mbovu.